Ulegevu Sifuri

Mwajabu alizindukia darajani, viatu vya mazoezi miguuni, mikono ikipunga mbele na nyuma kama ya askari kwenye gwaride, kola imeshalowa jasho. Hakukumbuka kuamka. Hakukumbuka kupiga mswaki, ingawa mdomoni kulikuwa na ladha ya dawa ya meno. Kulikuwa hakujapambazuka sawasawa. Milima ya Uluguru ilikuwa bado kiza kilichosimama, na taa za barabarani, zile zinazojizima zenyewe zikinusa mwanga, zilikuwa zinakonyeza kama zisizo na uhakika.

Akasema moyoni, simama. Miguu ikaendelea.

Mbele yake walikuwa watu kama thelathini, nyuma yake wengine kumi. Kulia, kushoto. Kulia, kushoto. Visigino vyote vilitua kwa pamoja, hata mtu aliyeko mbali angedhani anayepita ni mmoja tu, mkubwa mno. Hakuna aliyekohoa. Hakuna aliyepenga kamasi. Watu arobaini wa Morogoro wako barabarani, na hakuna hata mmoja anayemsema mwenzake.

Ubavuni mwake alikuwa Zamda. Huyu Zamda, kabla ya mambo haya, ndiye aliyekuwa redio ya mtaa wa Chemchem. Posa ikirudishwa, Zamda alijua kabla ya mchumba mwenyewe. Akicheka, watoto wa nyumba ya tatu waliamka. Sasa alitazama mbele, kidevu juu, ngozi ikimeta kwa afya.

"Zamda," Mwajabu aliita. Alipofungua mdomo miguu yake ilikosa hatua moja, kisha ikajishika. "Zamda shoga yangu, nimefikaje hapa?"

"Habari za asubuhi, Mwajabu," Zamda alijibu bila kugeuka. "Leo ni siku nzuri ya kutembea."

Jana alisema hivyohivyo. Juzi pia. Hata ile siku ya mvua ya mawe alisema hivyohivyo, huku damu ikimchuruzika kwenye paji la uso.

Saa ya mkononi ikamwambia Mwajabu, kwa upole, kwamba hii ni siku ya tisini na nne. Hongera. Mnyororo wake hauna pengo.

*

Nyumba aliyopanga ilikuwa na vyumba tisa na ua mmoja, na huo ua ndio uliokuwa jiko, saluni na mahakama. Mwajabu alikaa chumba cha mbele, chenye dirisha la barabarani, akashona magauni ya harusi kwa cherehani ya kukanyaga wakati mji mzima ulishahamia kwenye vibanda vinavyokuchapia nguo umesimama. Mabibi harusi walimpangia foleni kwa sababu moja: Mwajabu hakutoa kazi yenye kasoro. Mshono ukipotoka kwa upana wa uzi, hakurekebisha pale palipopotoka kama mafundi wenzake. Alifumua wote, toka kwapani mpaka pindoni, akaanza upya.

Mwili wake aliufanyia hivyohivyo, na hapo ndipo palipokuwa na kazi.

Kisukari kilipomshika, daktari alimwambia atembee dakika arobaini kwa siku na aache vitamu. Akaanza. Siku ya kumi na tisa ukatokea msiba, akashinda matangani, hakutembea. Mtu mwingine angeendelea kesho yake. Mwajabu alisema basi, imeshaharibika, akakaa miezi minne anakunywa chai ya vijiko vitano huku akisubiri Jumatatu nzuri ya kuanzia. Mara kumi na moja alianza namna hiyo. Alikuwa na daftari kumi na moja kabatini, kila moja limeandikwa kurasa chache za mwanzo kwa mwandiko wa kupendeza.

Ndipo akaja Mshikizi. Punje ndogo kama ya mchele, inapachikwa nyuma ya sikio, unatoka kituo cha afya kwa miguu yako. Siku unayolegea, Mshikizi anaushika mwili na kuupeleka. Nesi Tumpe, aliyempachika, alimuuliza anataka ulegevu wa kiwango gani: kwa wiki, aachiwe siku ngapi za kukosa? Akamshauri mbili. Wengi huchukua mbili.

"Sifuri," alisema Mwajabu.

"Mama, sifuri ni..."

"Mwanangu, mimi sishoni nguo yenye matundu. Weka sifuri."

Punje ikitimiza siku mia bila pengo, hukomaa. Huyeyuka na kuingia kwenye mishipa ya fahamu, na tabia inakuwa yako mpaka kaburini. Ndivyo lilivyosema tangazo. Zamda, naye wa sifuri, alikomaa tangu mwezi wa tatu. Mtaa ukampa yeye na wenzake jina la Masifuri, na watu wakawa wanateremsha sauti kila wanapopita.

"Leo tena umetoka kama gari la serikali," Sikudhani alimwambia aliporudi toka darajani. Sikudhani alikuwa mpangaji wa chumba cha pili, msusi, mwanamke wa mwili mkubwa na mdomo usio na breki. "Nimekusalimia, kimya. Nimekuwekea kiti, umekizunguka. Nimekwambia nina habari za mke mdogo wa mwenye nyumba. Mke mdogo, Mwajabu! Ukanitazama kama mtu anayesoma bango, ukaenda zako."

"Sikuwepo, Sikudhani."

"Najua hukuwepo. Mwajabu ninayemjua mimi angerudi toka kaburini kwa habari ile."

Walicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Mwanzoni Mwajabu alikuwa anapoteza dakika arobaini za kutembea. Kisha asubuhi nzima. Jana alipotea alasiri, wapangaji walipotandika mkeka na kuleta visheti, akazinduka ametawadha, amelala, shuka limekunjwa pembe nne. Juu ya meza alikuta gauni la bibi harusi wa Ijumaa limekwisha. Mishono ilikuwa sawa kabisa. Aliitafuta mmoja mmoja kwa kidole, na hakuukumbuka hata mmoja.

*

Siku ya tisini na saba alikwenda kituoni. Nesi Tumpe alipomwona alifunga mlango kwanza, ndipo akakaa.

"Mama, nitakueleza. Lakini hujayasikia kwangu."

"Sijayasikia."

"Kabla hujanyanyua mguu, nusu sekunde kabla, kuna wimbi dogo linapita kichwani. Wewe mwenyewe hulihisi. Mshikizi analivizia hilo wimbi; akiona halipo, analianzisha yeye. Kazi yake yote ndiyo hiyo. Kwa mtu wa ulegevu wa mbili, anasubiri aone kama atakwenda mwenyewe. Kwa mtu wa sifuri hawezi kusubiri, maana akisubiri halafu ukakosa, ameshachelewa. Kwa hiyo anapiga hesabu mapema: uwezekano wa huyu kukosa leo ni kiasi gani? Ukizidi sifuri, anakushika."

"Na mimi nazidi?"

"Kila saa. Ukikaa na watu wanaokula, unazidi. Ukicheka ukachelewa kulala, unazidi. Hakuna binadamu ambaye uwezekano wake wa kukosea ni sifuri, Mama. Labda maiti."

Nyuma ya sikio la Mwajabu pakapata joto kidogo, kana kwamba mtu amesogeza uso pale ili asikilize.

"Kwa hiyo Zamda..."

Nesi alishughulika na makaratasi yaliyokuwa tayari yamepangwa. "Kile kitu hakina chuki na mtu," alisema mwishowe. "Kinashika tu ulichokiambia. Na kikikaribia kukomaa kinajifunza mpaka ulimi. Ukikisikia kinaongea, ujue umebakiza kidogo."

"Kitoe."

"Siku ya tisini imeshapita. Kukitoa sasa ni kutoa na miguu yako. Hata kiwango hakibadilishiki tena." Akashusha sauti. "Njia ni moja tu. Pengo. Siku moja nzima, toka alfajiri mpaka jua lizame, usizitimize zile dakika. Sifuri haijui la kufanya baada ya kosa. Haina pa kuendelea. Itajizima."

Mwajabu alimtazama. Ilikuwa kama kusomewa tabia zake mwenyewe na mtu asiyemjua.

"Na sukari yangu?"

"Leo ni tano nukta tatu. Ulipokuja mara ya kwanza ilikuwa kumi na nane." Nesi Tumpe alisimama kumfungulia mlango. "Hapo, Mama, mimi siwezi kukuchagulia."

*

Walijaribu kwa kufuli. Siku ya tisini na nane, kabla ya adhana, Sikudhani alimfungia Mwajabu chumbani kwa nje, akaweka kigoda mlangoni, akakalia ufunguo.

Mwajabu alikumbuka kufuli likilia. Kilichofuata alikuja kusimuliwa.

Sikudhani alisikia meza ikiburutwa. Halafu cherehani. Halafu hatua: nne, kugeuka, nne, kugeuka. Hazikuwa za haraka wala za taratibu. Alizunguka akachungulia dirishani. Mwajabu alikuwa amesogeza kila kitu ukutani, na katikati ya chumba, penye nafasi ya mkeka mmoja, alikuwa anatembea macho wazi. Kopo la pini lilikuwa limepinduka. Alikuwa anazikanyaga. Kwenye sakafu palikuwa na mstari mwembamba wa damu, umenyooka kama uliopigwa kwa rula, na hakuwa anakunja hata uso.

Sikudhani alipiga kelele. Akamwita kwa jina, kwa jina la marehemu mama yake, kwa matusi. Hakuna kitu. Mwishowe, kwa kuwa hakuwa na la kusema tena, akasema lile lililomkaa rohoni tangu Jumatatu: "Mke mdogo kahama na godoro!"

"La nani?" alisema Mwajabu, na miguu ikasimama.

"La mke mkubwa!"

"Usiniambie! Lile la harusi?"

Sikudhani akavuta pumzi. Katika ile pumzi moja miguu iliondoka tena, nne, kugeuka. Akaelewa. Akarusha swali jingine, miguu ikasimama. Akanyamaza makusudi, ikaondoka. Lakini dakika arobaini zilikuwa zimebakiza tatu, na Sikudhani alikuwa analia mno kuweza kuongea vizuri. Saa ya mkononi ikatoa hongera.

*

Jioni hiyo alifika Tunu, binti yake pekee, fundi wa mabomba ya mji Dodoma. Alimfunga mama yake nyayo kwa kitambaa, akasikiliza mpango wote wa kumwongelesha kutwa nzima ili asitembee, halafu akasema hapana.

"Mama, unajua nilikuwa na miaka mingapi nilipokuwa naosha kile kisiki cha mguu wa bibi uliokatwa kwa sukari? Tisa. Harufu yake ninayo mpaka leo. Tano nukta tatu, Mama! Unataka kuitupa kwa ajili ya umbea?"

"Sitaki kuitupa, mwanangu. Ndiyo maana naogopa." Mwajabu alikuwa anatazama zile bandeji. "Hao akina Sikudhani wanadhani napigana na punje. Mimi naitaka ile mia. Tangu nizaliwe sijawahi kumaliza kitu cha mwili wangu. Tisini na nane, hakuna tundu hata moja. Nikifumba macho naiona imenyooka."

"Basi imalize. Mimi nitakusaidia."

"Nikiimaliza, ni nani atakayebaki akaifurahia?"

Tunu alipanga mito ya mama yake, akaipanga tena.

Siku ya tisini na tisa Sikudhani alimwamsha Mwajabu kabla macho hayajafunguka, kwa swali. Akajibu. Likaja jingine. Kukapambazuka wakiwa uani, na wapangaji wote wakatoka, vyumba tisa, kila mtu na kiti chake na mtu wake wa kumsema. Waliovaa nguo za kazini waliomba ruhusa. Chogo, mwanamume aliyekuwa anatengeneza mabamba ya jua, alileta jiko lake la umeme akaanza kukaanga mihogo. Tunu alikaa karibu na geti, mikono kifuani, kama askari ambaye hajaambiwa analinda upande gani.

Mwajabu aliongea. Aliongea habari za bibi harusi aliyepimwa akiwa na kiuno kimoja, akaja kuchukua gauni akiwa na kingine. Aliongea habari za shehe mwenye miwani ya kuazima. Akimeza mate, vidole vya miguu vilicheza chini ya kanga. Akila, wengine waliongea, naye akatia "Enhe! Enhe!" kati ya tonge na tonge. Akienda msalani, Sikudhani alisimama mlangoni akimhoji.

"Jamani, hata huku?"

"Hata huko. Jibu! Alilipeleka wapi godoro?"

Adhuhuri aliswali akitamka kila neno, watu watatu nyuma yake wamekodolea nyayo zake macho. Saa tisa sauti ilianza kukwama. Wakampa maji ya uvuguvugu. Wakawa wanapokezana kumchokoza, maana waligundua hasira inamshikilia kuliko furaha. Ua ulijaa; watu wa nyumba ya pili walikuja, watu wasiojua kuna nini walikuja kwa sababu waliona watu. Ilikuwa kama harusi, ila kila mtu alikuwa anamtazama bibi harusi miguu.

Kwenye saa kumi na moja jioni Mwajabu alikuwa anasimulia habari ya Mama Upendo na kitambaa kilichopungua. Akasimulia vizuri sana. Alianza mwanzo, akaenda katikati, akamaliza mwisho. Hakupotea njia kueleza kaka yake Mama Upendo ni nani. Hakuiga sauti ya mtu. "Kwa kweli," alimalizia, "kila mmoja alifanya kadiri ya uwezo wake."

Chogo alicheka kidogo, kisha akaacha. Sikudhani alishusha kitana.

"Mwajabu," alisema taratibu. "Hayo maneno umeyatoa wapi?"

"Mmekuwa wema kwangu leo," Mwajabu alisema, na tabasamu lilikuwa limekaa katikati ya uso kabisa. "Sasa mnaweza kupumzika." Chini ya kanga alikuwa ameshavaa viatu. Hakuna aliyemwona akivivaa. Kamba zilikuwa zimefungwa, vifundo viwili, sawasawa.

Alisimama. Watu walisogea bila kuambiwa, kama wanavyosogea kupisha jeneza.

"Jua bado lipo," ile sauti ilisema. "Dakika arobaini tu. Tunu, fungua geti, mwanangu. Unaukumbuka mguu wa bibi. Mimi sitauacha huu upotee. Hata siku moja."

Tunu alikuwa ameshashika komeo. Uso wake ulikuwa wa mtoto wa miaka tisa. Hakuna aliyemlaumu, maana kila neno lililosemwa lilikuwa la kweli, na lilisemwa kwa sauti ya mama yake, tena ya siku zake nzuri.

"Mama," alisema, komeo likiwa nusu. "Gauni langu la mahafali. Lile lililopinda mkono, watu wakanicheka. Lilikuwa kosa la nani?"

"Lilikuwa kosa langu. Samahani sana, Tunu."

Miaka kumi na minne Tunu aliingoja samahani hiyo. Alikuwa amegombana kwa ajili yake sikukuu mbili, ameshinda bila kupiga simu mwezi mzima. Na sasa imekuja imekunjwa vizuri, haina mkunjo wala jasho, kama nguo iliyotoka kwenye kibanda cha kuchapa. Nywele zikamsimama. Akalirudisha komeo, akaliegemea kwa mgongo.

"Mmesikia wenyewe!" alipiga kelele kwa ua mzima, machozi yanamtoka. "Fundi Mwajabu kakiri! Mkono ulipinda! Fundi gani anayempinda mkono mtoto wake mwenyewe? Nendeni kwenye vibanda, jamani, hapa hakuna fundi!"

"Na mimi nilisema!" Sikudhani alidakia. "Nilisema ule mkono kakata na kisu cha jikoni!"

Ile sura yenye tabasamu katikati ilitetemeka. Jicho moja lilibana. Kitu kilipanda kutoka tumboni, kikapita kooni kwa kukwaruza.

"Haukupinda!"

"Umepinda!"

"Haukupinda, mwana mharibifu wewe! Bega lako ndilo limeshuka, umelirithi kwa baba yako, nilimwambia tangu wewe kichanga, mtoto huyu bega limeshuka! Na wewe Sikudhani, kisu cha jikoni? Wewe unayesuka watu mpaka wanaota kipara, unaniambia mimi kisu cha jikoni?"

Ua ulilipuka. Watu walipiga makofi, wakapiga vigelegele, Chogo akamwaga mafuta. Mwajabu alitukana karibu saa nzima bila kurudia tusi, viatu vimekaa kimya miguuni mwake, na watu walikuwa wanageuka kulitazama jua, wanarudi kumtazama yeye, mpaka ukingo wa mwisho ukazama nyuma ya bati la msikiti.

Alisikia kitu kikipasuka nyuma ya sikio, kidogo, kama mchele chini ya jino. Joto likatoka. Akakaa chini kwa matako, pwaa, na hakuna aliyemshika kwa sababu walidhani anatania.

Hakufurahi. Alilia kama mtu aliyefiwa. "Tisini na nane," alikuwa anasema. "Tisini na nane zote." Wakamwacha alie. Tunu alikaa naye sakafuni, akaanza kufungua vile vifundo viwili.

"Mkono ulipinda," Mwajabu alisema baadaye, amechoka, hamtazami. "Kidogo. Si kama ulivyokuwa unasema wewe."

"Kidogo," Tunu alikubali.

*

Kesho yake alilala macho wazi akisubiri kuchukuliwa. Adhana ikapita. Jua likaingia dirishani. Miguu ilikuwa palepale mwisho wa kitanda, mizito, ya kwake, haina habari. Lilikuwa jambo la kutisha kuliko alivyotarajia, ule ukimya wa mwili usiosogezwa na mtu. Saa tatu ndipo alipoinuka. Nyayo zilimuuma. Akatembea mpaka kwa muuza mkaa, akarudi. Haikufika hata robo ya dakika zile.

Iliendelea namna hiyo. Wiki moja siku nne, wiki nyingine mbili. Kila alipokosa, kesho yake alisimama kizingitini na ule muwasho wa vidole vya fundi, ukimwambia fumua, anza upya mwezi ujao. Siku nyingine alitoka na huo muwasho. Siku nyingine hakutoka, akatoka keshokutwa. Sukari ikapanda mpaka tisa, ikashuka mpaka saba, ikapanda. Nesi Tumpe alisema si nzuri, si mbaya, aendelee kuja. Tunu alipiga simu kila Ijumaa kuuliza, na Mwajabu hakudanganya, ingawa mara mbili alitamani sana.

Zamda alikuwa mtaa wa nyuma. Mwajabu akitembea upande ule alikuwa anapitia, anakaa barazani kwake dakika chache. Zamda alikaa amenyooka, mikono mapajani. Waliokomaa hawarudi, kila mtu alijua hivyo, na watoto wake wenyewe walikuwa wameacha kumsemesha, kwa sababu inachosha kuzungumza na mtu asiyekubishia. Mwajabu alimpa habari za mtaa hivyohivyo. Zamda alijibu asante kwa taarifa.

Alhamisi moja alipita kwa kuchelewa, jua limeshagusa mabati. Alikuwa amekosa siku tatu mfululizo, na leo aliapa. Alimpa Zamda habari ya bwana harusi wa Kihonda aliyekuja kupimwa suti na wanawake wawili, kila mmoja anajua ndiye bibi harusi, wote wakiwa wamekaa benchi moja mbele ya cherehani wakisifiana mikoba.

"Basi shoga, niache nikatembee," alisema, akikaza kamba za viatu. "Giza hilo linaingia."

Alikuwa ameshafika kwenye ngazi.

"Halafu?"

Mwajabu akageuka. Zamda alikuwa anatazama mbele, kidevu juu, mikono palepale mapajani, midomo imefungwa. Ungeapa hakusema mtu. Lakini ile haikuwa sauti laini ya Masifuri. Ilikuwa imekwaruza, imetoka chini kabisa, kama ya mtu anayeita toka ndani ya kisima, na ilikuwa na pupa.

Barabara ilikuwa nyeupe bado. Angekwenda kwa haraka angefikisha hata nusu ya dakika zake.

Mwajabu akavua viatu, akarudi kukaa, akasogeza kigoda mpaka magoti yao yakagusana.

"Halafu," alisema, "yule mwenye mkoba mwekundu akauliza, na wewe mwenzangu, harusi yako lini?"

Siku hiyo hakutembea.